Mashada Yamekosea Msiba

Mlionicheka wiki iliyopita, vuteni pumzi kwanza. Hamjaona kitu.

Kwa yule aliyenunua gazeti hili ili afungie samaki na macho yake yakaangukia hapa: mimi ni Pyo Sang-gil, fundi wa mashada ya maua hapa Mokpo. Ukioa nakutengenezea shada, ukifa nakutengenezea shada, tofauti ni rangi ya maua na maneno ya kwenye utepe. Hiyo ndiyo kazi yangu. Ugonjwa wangu ni Pweza, timu yetu ya besiboli, ambayo haijanipa raha tangu nikiwa na nywele.

Baridi hii, uwanja umelala, viongozi wakaingia kwenye usajili. Wakamleta Hwangbo Jin kutoka Seoul, mpigaji mwenye jina kubwa na magoti mabovu, galasa la kitaifa. Sasa kanuni ya ligi yetu inasema ukichukua nyota wa wenzako, na wao wanachagua mmoja kwako, isipokuwa wale uliowafungia kabatini mapema, yaani uliowaandikisha kuwa hawaguswi. Mkurugenzi wetu akafungia kabatini vitoto ambavyo hata ndevu havijaota. Nje akamwacha Gwak Dal-su.

Gwak, mdakaji wetu. Mtu aliyedaka mipira kwa Pweza mpaka vidole vyake vikapinda kama tangawizi. Mtu ambaye kila Jumapili mimi mwenyewe nilikuwa namsugua mgongo kwenye bafu la umma mtaani kwetu, huku nikimwelekeza namna ya kushika viwiko vyake. Seoul wakamwokota kama anayeokota saa ya dhahabu barabarani.

Mimi ni mwenyekiti wa Minyiri Minane, chama cha mashabiki. Nikapanda juu ya gari na kipaza sauti, kofia ya pweza imenifunika mpaka nyusi, nikamtukana Mkurugenzi Tak Mu-yeol yeye na vizazi vyake vijavyo. Kisha nikavua kofia, nikavaa suti, nikaenda kwenye chakula cha kujuana na wazazi wa mchumba wa binti yangu Bo-ram. Vizazi vyake vijavyo nikavikuta mezani. Kumbe mchumba mwenyewe, kijana Ki-hun, ni mtoto wa Mkurugenzi yule yule. Jina la Tak niliambiwa tangu mwanzo, lakini nilidhani ni akina Tak wengine.

Mkurugenzi hakunitambua. Bila kofia mimi ni mzee wa kawaida tu, kipara na tai. Bo-ram akanivuta hadi kwenye korido.

"Baba, mpaka harusi ipite tu. Usikanyage tena kwenye maandamano yenu. Niahidi."

Nikamwahidi. Hapo ndipo mimi na nyie tulipoachana wiki iliyopita.

Haya. Ahadi ni kitu kizuri, ila karakana yangu ilikuwa tayari na mashada thelathini ya msiba. Mnajua desturi yetu: ukimchoka kiongozi wa timu, humrushii mawe, unampangia mashada ya mazishi mlangoni pa ofisi yake ili apite katikati yake asubuhi akijiona marehemu. Minyiri Minane walichanga wote. Maneno ya kwenye tepe niliyatunga mwenyewe, na sitaki unafiki, yalinitoka vizuri.

Jumapili jioni akaja Mama Nam, muuza dagaa wakavu, mpiga ngoma wetu mkuu na makamu wangu.

"Mwenyekiti, kesho tunakutana saa ngapi?"

"Kesho naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Mgongo."

"Kwani wewe unatukana kwa mgongo? Tutakubeba, utatukana ukiwa umelala."

"Mama Nam, mwili umekataa. Mashada atayapeleka Do asubuhi kwa gari, nyie mtayakuta pale. Tukaneni kwa niaba yangu."

Akanitazama kama anayekagua dagaa waliolowa, akaondoka bila kuaga.

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia, na pazia la nyumba yetu halijawahi kumficha mtu wala kumzuia kusikia.

"Uliahidi," akasema.

"Niliahidi sitakanyaga. Je, nitakanyaga? Mimi niko hapa kitandani. Mashada yana miguu yao ya mbao."

"Mdomo uliponza kichwa, Baba Bo-ram. Na kichwa chako chenyewe hakina hata nywele za kukushikia ukizama."

Nililala usingizi wa mtu mwenye akili kuliko wenzake.

Sasa mjue kuhusu Do Bong-gu, dereva wangu. Ni mtu mwaminifu, mtaratibu, na habari za besiboli hazimhusu hata kidogo. Yeye ni wa mieleka. Halafu ana mwiko wake mmoja: hasomi tepe. Anasema akianza kusoma majina ya wafu wote anaowapelekea maua atakufa kwa huzuni kabla ya siku zake. Nilikuwa nampenda kwa hilo. Nilikuwa.

Jumatatu asubuhi nikiwa kitandani na chai yangu ya shayiri, nikimwona Mkurugenzi Tak kwa macho ya moyo akipita katikati ya mashada, simu ikalia. Bo-ram, analia.

"Baba, Bibi Ok-sim amefariki alfajiri."

Bibi Ok-sim ni mama yake Mkurugenzi Tak, bibi yake Ki-hun. Nilimwona kwenye kile chakula cha kujuana. Kizee kidogo, mgongo umepinda, lakini alikula kuliko sisi wote, akaniangalia usoni akasema, "Wewe una sura ya mbishi. Vizuri." Kitu kimoja nilikiona siku ile nikakipuuza: mwanawe, bibi hakumsemesha hata neno. Tak akimwekea samaki sahanini, yeye anamhamishia mjukuu.

Nilisikitika, kweli nilisikitika. Halafu nikakumbuka mashada.

Matusi kwa mtu aliyefiwa na mama asubuhi ile ile, jamani, hata Minyiri Minane hatujafika huko. Nikampigia Do.

"Do, umeshapeleka?"

"Nimeshapeleka, bosi."

"Rudi ukayatoe. Haraka. Kuna msiba."

"Ndiyo, bosi. Nimeuona."

"Umeuona wapi?"

"Si ndiko nilikoyapeleka."

Nikakaa kitandani.

"Do. Anza mwanzo."

"Nimefika getini pa ofisi, mlinzi ananiuliza, haya ya nani? Nikamwambia ya Mkurugenzi Tak. Akaniambia, maskini, mama yake kafa leo, mbona unayaleta huku, yapeleke hospitali, ukumbi wao wa misiba uko ghorofa ya chini. Nikaona kweli, mashada ya msiba yanafanya nini ofisini? Nikakusahihishia."

"Yote?"

"Yote. Nimepanga mawili mawili kuanzia kwenye ngazi mpaka karibu na picha ya marehemu. Wamenishukuru mpaka wakanipa supu."

Mke wangu alikuwa ameshasimama mlangoni na suti yangu nyeusi mkononi.

Tulipoingia ile korido ya chini, niliyaona mashada yangu kwa mbali, marefu, meupe, yamesimama kama walinzi. Kazi safi. Kisha nikaanza kusoma.

PUMZIKA KWA AMANI, AKILI YA MKURUGENZI.

UMEUZA NYAMA UKANUNUA MFUPA.

HATUKULILII WEWE, TUNAMLILIA GWAK.

Na lile kubwa kuliko yote, lililotangulia mbele kabisa, hatua chache tu kutoka kwenye picha ya bibi wa watu: SAFARI NJEMA, USIRUDI TENA.

Chini yake alisimama shangazi mmoja wa ukoo, miwani puani, anasoma kwa sauti. "Safari njema... usirudi tena." Akamgeukia mwenzake. "Huyu marehemu aliwafanya nini watu hawa?"

"Na Gwak ni nani?" mwenzake akauliza.

"Labda mume wa kwanza."

Nilitaka sakafu inimeze. Bo-ram alitoka jikoni na sinia la supu nyekundu ya nyama. Alikuwa anawahudumia waombolezaji tangu asubuhi kama mkwe halali wa nyumba ile, nguo nyeusi, macho yamevimba. Akaniona. Akaitazama ile UMEUZA NYAMA UKANUNUA MFUPA, maneno ambayo amenisikia nikiyasema kila asubuhi mezani tangu Hwangbo asajiliwe. Akanitazama tena.

"Baba."

"Mwanangu, sikukanyaga."

"Baba, usiongee."

"Ni Do. Do hasomi tepe."

"Ki-hun bado hajajua ni nani. Baba yake hajajua. Wakijua, mimi kwenye nyumba hii sina uso tena. Unanielewa? Nampenda, Baba. Sitaki kumkosa kwa sababu ya mdakaji."

Binti yangu hajawahi kuniomba mengi. Maneno yale yalinichoma. Nikavua viatu, nikaweka ua langu jeupe mbele ya picha ya Bibi Ok-sim, nikamwinamia mpaka paji likagusa sakafu, mara mbili. Kimoyomoyo nikamwambia, bibi, nisamehe, na kama una nafasi huko, nisaidie.

Kisha nikarudi koridoni kujisaidia mwenyewe. Nikashika utepe wa SAFARI NJEMA, nikavuta. Tepe zangu hazikatiki ovyo, najisifu kwa hilo madukani. Nikavuta tena, shada likayumba, na mkono ukashika bega langu.

"Acha, mkwe."

Mkurugenzi Tak. Macho mekundu, kitambaa cha wafiwa kwenye mkono wa koti. Nikajua imekwisha.

Akanishika mikono yote miwili.

"Tangu asubuhi watu mia wamepita hapa," akasema. "Wote wanasoma, wanaziba midomo, wanapita. Wewe peke yako ndiye uliyetaka kunisitiri. Sitasahau."

Wapendwa, kutukanwa kunauma, lakini kushukuriwa na mtu uliyemtukana kunauma kwa namna nyingine kabisa. Nilijibu kitu kama kikohozi.

"Ila yaache," akaendelea. "Mama angeyapenda. Tangu Gwak aondoke hakunisemesha. Ananipakulia, anageukia ukutani. Juzi tu ndiyo alifungua kinywa, akaniambia, 'Mpumbavu wewe, timu bila mdakaji ni nyumba bila mlango.' Ndiyo ya mwisho hiyo. Mama yangu kafa amenuna, mkwe, na amenuna kwa haki, maana sikuweza kumwambia ukweli."

"Ukweli gani?"

Akanivuta mpaka kwenye meza ya pembeni, akanimiminia pombe ya soju kidogo. Waombolezaji walikuwa wachache saa ile ya mchana.

"Kwa kuwa sasa sisi ni ndugu, nikuambie. Lakini lisitoke hapa. Gwak aliniomba mwenyewe nimwache nje ya kabati."

Nikacheka. Sikukusudia. "Haiwezekani. Gwak anaipenda Mokpo."

"Anaipenda mno. Ndiyo maana kaniapisha nisimwambie mtu, asije akawaumiza watu. Nami nimekaa kimya, nimekula matusi ya mji mzima. Kuna jitu moja lina kofia ya pweza, hilo lilinitukana mpaka wajukuu ambao sijawapata."

"Nimesikia habari zake," nikasema.

"Lakini huyo si kitu. Aliyemfukuza Gwak ni mwingine." Akainama karibu. "Mzee mmoja wa bafuni."

Glasi yangu ikasimama njiani.

"Jumapili ndiyo siku yake Gwak ya kupumzisha mwili. Akiingia bafu la umma, mzee yupo. Anamkamata mgongo, anamsugua hadi anamchuna, huku anamfundisha kudaka. Yeye, Gwak, anafundishwa kudaka na mzee aliye uchi. Akahama bafu, mzee akamfuata. Akabadilisha saa, mzee naye akabadilisha. Jina lake halijui, anamwita Mzee wa Jumapili."

"Pengine," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "mzee alikuwa anampenda tu."

"Mapenzi gani hayo? Mara ya mwisho alikaa kwenye maji ya moto saa nzima kamfungia njia ya kutoka, anamchambulia kosa la mchezo wa mwaka juzi. Kijana wa watu akazimia. Akatoka pale akaja nyumbani kwangu na taulo shingoni, analia, anasema, Mkurugenzi, nipeleke popote penye watu wasionijua."

Nakumbuka siku ile. Nilidhani amezidiwa na joto. Mimi ndiye niliyempepea.

Machozi yakanitoka. Nilimpenda Gwak kama mtoto wangu wa kiume ambaye sikumpata, na kumbe nilikuwa namfukuza kila Jumapili kwa mikono yangu miwili na sabuni yangu mwenyewe. Tak akadhani namlilia mama yake, akanipigapiga mgongoni.

"Mama amelala na hasira yake kwa ajili ya mzee mmoja asiyejua kunyamaza," akasema. "Siku nitakayomjua mtu huyo, mkwe, sitakaa naye meza moja mpaka nizikwe. Yeye wala ukoo wake. Naapa mbele ya picha ya mama."

Bo-ram alikuwa anapita na sinia. Akatabasamu kidogo kutuona tunalia pamoja. Alikuwa hajatabasamu tangu alfajiri.

Hapo Ki-hun akaitwa juu kupokea wazee wa ukoo waliofika na basi. Mstari wa wafiwa wanaopokea wageni kando ya picha ukabaki na Tak peke yake. Akasimama, akatoa mfukoni kitambaa kingine cha wafiwa, akakipitisha kwenye mkono wa koti langu.

"Njoo usimame nami. Nina mtoto mmoja, sina ndugu wa tumbo moja. Watu wakija wasinikute peke yangu."

"Mkwe, mimi sistahili."

"Wewe ndiye unayestahili kuliko wote."

Mngekuwa nyie mngefanyaje? Nilisimama. Kitambaa mkononi, mikono imekunjwa mbele, upande wa kushoto wa mtu niliyemtakia kifo kwa kipaza sauti.

Hatujamaliza hata dakika tatu, nikasikia vishindo vya viatu vikivuliwa, vingi kwa pamoja. Sauti ya kwanza nikaijua.

"Vueni makoti ya timu, yageuzeni ndani nje. Hata adui yetu hatumtukani mbele ya maiti ya mama yake. Tutaomba radhi kwa mashada, na yule mwenyekiti anayejifanya mgonjwa tutamshughulikia baadaye."

Mama Nam. Walikuwa wamekwenda ofisini wakakuta mlango mtupu, mlinzi akawaambia mashada yalikokwenda. Wakaja Minyiri Minane wote, mmoja nyuma ya mwenzake, vichwa chini kwa aibu, hakuna aliyenitazama. Nikamwomba Mungu sakafu iendelee kuwa nzuri machoni pao.

Wakajigawa pande mbili, wakampisha mtu katikati yao. Mtu mpana, suti nyeusi, vidole vimepinda kama tangawizi. Amefika na treni kutoka Seoul. Bibi Ok-sim alikuwa akimpikia supu ya pweza kila baada ya mchezo. Walimkuta getini wakamsindikiza kama bwana harusi.

Gwak Dal-su akamwinamia marehemu mara mbili. Alikaa chini muda mrefu, mabega yanatikisika. Kisha akageuka kuwainamia wafiwa, kama ilivyo ada, akapiga magoti mbele ya Tak na mbele yangu, akashusha kichwa mpaka sakafuni.

Akakiinua.

Bafuni hakuna anayevaa kofia. Aliniona kama alivyonizoea, isipokuwa nguo.

Ni kijana aliyelelewa, Gwak. Hakukimbia. Alinyanyua mikono miwili kwa heshima, rangi ikamtoka usoni, akasema taratibu, chumba kizima kikimsikia:

"Shikamoo, Mzee wa Jumapili."

Nyuma yake Mama Nam akainua kichwa, akaniona nilivyosimama, na kitambaa cha ukoo wa Tak kwenye mkono. Mke wangu akafumba macho. Tak hakugeuka haraka. Aligeuka kama mtu anayefungua mlango wa chumba ambamo amesikia kitu kikianguka.

"Umemwitaje?" akamuuliza Gwak, lakini alikuwa ananitazama mimi.

Bo-ram alikuwa kwenye mlango wa jikoni, sinia mikononi, anatikisa kichwa polepole. Usiongee, Baba. Safari hii tu, usiongee.

Nikafungua mdomo.